Sakafu ya Mama Wodi

Tuanze na lililo wazi, tusilizunguke kama kuku anayetafuta pa kutagia: siku ile mjinga alikuwa Fundi. Si jirani, si mkwe wa mtu, si shetani. Ni yeye mwenyewe aliyebeba spika begani kutoka karakana yake hadi uani kwa Mama Wodi, akaiweka juu ya kigoda, akaipangusa vumbi kwa upindo wa shati, akawaita majirani waje wasikilize. Wengine huchimbiwa shimo na maadui. Fundi alijichimbia, tena akaalika na watazamaji.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, jua limeshaanza kuchoma utosi. Alikuwa amekuja kupachika geti. Geti lenyewe lilimchukua wiki tatu: mabomba ya mraba, bawaba nzito, komeo la kuteleza kama ulimi wa mbembelezi, na katikati maua mawili ya chuma ambayo hakuna aliyeyaomba. Alikuwa amelipiga msasa hata sehemu ambazo jicho la mtu halifiki. Ungemwuliza kwa nini geti la mama mmoja limechukua muda kuliko mageti ya shule nzima, angekuambia chuma kilikuwa kibishi. Chuma hakina ubishi. Ukweli ni kwamba mlango wa nyumba ile aliwahi kuuvunja.

Hayo yalikuwa ya miaka saba nyuma, kabla hajaitwa Fundi, wakati akiwa kijana mwenye bisibisi na tamaa. Aliichunguza nyumba siku mbili, akaamini mchana haina mtu, akaingia. Kumbe mwenyewe yumo. Mama Wodi alikuwa amepiga deki wodi za hospitali kwa miaka thelathini, na alipostaafu, hospitali ilibaki kule, deki akaja nayo nyumbani. Sakafu yake ungeweza kujitazama ukanyoa ndevu. Siku hiyo alikuwa amesinzia kwenye kiti, kaupa mlango mgongo. Akasikia mlango unalia, na bila kugeuka, bila hata kufumbua macho, akasema, "Vua viatu, mwanangu. Nimepiga deki."

Alikuwa na mtoto mmoja tu, mwanamume, aliyekwenda mbali kutafuta maisha, na simu zake zikawa kama mvua ya mwaka mbaya: wingu unaliona, maji huyaoni. Mama Wodi, katikati ya usingizi, alidhani karudi.

Na mwizi akavua. Hapa watu wazima hukataa kuamini, lakini ndivyo ilivyokuwa. Aliinama, akafungua kamba, akavipanga viatu kando ya mlango, kisigino kwa kisigino, kama alivyozoeshwa na mama yake. Akatembea kwa soksi hadi mezani, huku yule mama akiendelea kumwuliza, kwa sauti ya usingizi, safari ilikuwaje na mbona amekonda. Mwizi hajaonekana bado, ameshaambiwa amekonda. Akachukua redio. Ndipo Mama Wodi akageuka, wakatazamana. Mwizi akatimua mbio na redio kwapani, viatu akaviacha.

Viatu vile alikuwa amevishona mwenyewe kwa waya wa kijani, na mtaa mzima ulivijua. Kesho yake kabla ya chakula cha mchana alikuwa mikononi mwa polisi, redio ikarudi kwa mwenyewe, naye akaenda jela miaka mitatu.

Mahakamani Mama Wodi alisema tu kwamba alimkuta mwizi mezani na viatu mlangoni. Hakusema alimwita mwanangu. Mtu anaweza kuibiwa redio mbele ya watu akavumilia, lakini kuonekana mpweke kiasi cha kumkaribisha mwizi kwa jina la mtoto wako, hilo ni la kumezwa. Mshtakiwa naye hakulisema. Alipoulizwa kwa nini alivua viatu, alijibu kwamba vilikuwa vinapiga kelele. Siri ile ikabaki ya watu wawili, na hawakuwahi kukaa wakakubaliana.

Jela alijifunza kuchomelea vyuma. Alipotoka alikwenda kuomba msamaha, Mama Wodi akamsikiliza kizingitini, akasema, "Nimesikia," akafunga mlango. Akarudi mwezi uliofuata. Nimesikia. Mwezi mwingine. Nimesikia. Miaka miwili Fundi alisikiwa. Halafu siku moja yule mama akamtazama mikono, akasema geti lake limeliwa na kutu, na je, yeye si fundi? Alipomaliza kulipima, akamkaribisha ndani. Fundi akavua viatu bila kuambiwa. Akapewa chai, na kikombe kilipowekwa mbele yake Mama Wodi akasema, "Kunywa, mwanangu," safari hii macho yakiwa wazi.

Neno hilo moja Fundi alilibeba kifuani kama yai. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa ndani, hakumzika. Ukitaka kujua alikuwa na nini cha kupoteza Jumamosi ile, si geti, si jina. Ni neno hilo.

Sasa tumwingize mharibifu. Alijiita Risasi. Alikuwa mtoto wa mama mdogo wake Fundi, na mtoto wa mama mdogo ni ndugu, hakuna cha kupunguza hapo. Risasi alikuwa mwanamuziki wa kufokafoka, maarufu, mwenye mnyororo shingoni mzito kuliko wa kufungia mbwa, na katika nyimbo zake alikuwa ameshamaliza nusu ya mji kwa bunduki. Nyumbani aliitwa Pamba, kwa sababu utotoni alizimia kila alipochomwa sindano, na mara moja alizimia kwa kuona mwenzake anachomwa. Alilelewa chini ya cherehani ya mama yake. Damu nyingi kuliko yote aliyowahi kuiona ni ya kidole cha mama huyo.

Miezi miwili kabla, Risasi alifika karakana, akakaa juu ya bomba, akajifuta jasho. Akasema amechoka na nyimbo za bastola. Watoto wanamwiga, mama yake haongei naye vizuri, na safari hii anataka kuimba ujumbe. Lakini ujumbe unahitaji ukweli, na katika ukoo mzima mwenye ukweli ni mmoja.

"Kaka, wewe uliyaishi," alisema. "Mimi nayavaa tu. Nipe yako, vijana wasikie wizi unamfikisha wapi mtu."

Fundi angemjibu nini? Kila wiki alikuwa akiona vijana wa mtaani wakitembea kwa kuchechemea kama wamepigwa risasi mguuni, kumbe wameona kwenye video. Alitaka mtu awaambie. Na tusimpake mafuta: pia alitaka kuliona jambo lile baya alilolifanya likigeuka kuwa na faida. Akaenda studio, chumba kisicho na dirisha chenye magodoro ukutani, akavalishwa vile visikio vikubwa, akaambiwa na prodyuza aseme yote, watachuja baadaye.

Akasema yote, kwa dakika kumi na moja. Alisema mlango, alisema viatu, alisema maneno ya yule mama. Moyo ulimkataza hapo, akasita, lakini prodyuza akamwonyesha kwa kidole azidi kusema. Alisema jela, na mwenzake wa kitanda cha juu aliyekufa kwa kuhara, na mazishi ya mama yake aliyoyasikia kwa barua. Alipomaliza alikuwa analia, na Risasi naye analia, wakakumbatiana. Fundi alijua kuchuja maana yake nini: unatoa takataka, unabakiza maji. Hakujua kwamba wapo watu wanaomwaga maji.

Ndiyo maana Jumamosi ile, wimbo ukitoka saa nne kamili, hakuusikiliza kwanza peke yake. Alitaka ausikie pamoja na Mama Wodi. Geti lilikuwa limeshaning'inia kwenye bawaba ya juu, ya chini ikisubiri. Walikuwepo kinyozi wa ng'ambo ya barabara, muuza mkaa na mkewe, na mafundi wawili wa baiskeli. Mama Wodi alivaa kitambaa kipya cha kichwa, akatolewa kiti na kikombe cha chai. Fundi akahutubia kidogo, akasema huu ni wimbo wa mafunzo, akabonyeza.

Sauti ya kwanza ilikuwa yake. "Niliingia mchana kweupe." Majirani wakampigia makofi. Kisha biti ikadondoka kama gunia la mawe, na Risasi akaingia kwa fujo, yeye simba, yeye chui, chuma kiko kiunoni, akifika mtaani hata mbwa huomba radhi. Fundi alitabasamu bado. Alijisemea huo ni mwanzo, mafunzo yako mbele. Ndipo kikaja kiitikio. Msichana mmoja, kwa sauti ya kukwaruza ya kuigiza kizee, aliimba, "Vua viatu, mwanangu, nimepiga deki," na wanaume kama kumi wakamjibu kwa vicheko, "Vua, vua, vua." Ubeti uliofuata Risasi ndiye anayeamuru. Kila anayekutana naye anavua viatu na kwenda zake pekupeku. Mwishoni ikarudi sauti ya Fundi, safi, bila kutetemeka: "Nikachukua redio. Nikaondoka." Pakapigwa mlio wa bastola, wimbo ukaisha.

Studio hakuishia hapo. Alisema, "Nikaondoka, na tangu siku ile sijasikia redio ikilia nisione aibu." Walikata baada ya neno moja. Fundi alikuwa mtu wa kukata. Alijua kwamba chuma ukikikata kinaacha ukingo, ukipitisha kidole unauhisi. Sauti ile ilikuwa haina ukingo. Ungeapa kwamba hakuwahi kusema zaidi.

Kinyozi alikuwa anacheza. Hakuwa na kosa, kiitikio kilikuwa kitamu, na hakujua kibibi anayechekwa ameketi nyuma yake. Muuza mkaa aliomba kirudiwe. Watu wawili tu hawakucheka.

Mama Wodi aliinama, akaweka kikombe chini taratibu, akasimama.

"Ulimwambia," alisema. Hakuwa anauliza.

Akaingia ndani. Fundi akasikia komeo la mlango likiteleza. Alikuwa amelitia mafuta mwenyewe asubuhi ile.

Wiki iliyofuata geti lilibaki linaning'inia kwa bawaba moja, limeinama kama mlevi aliyeshikwa bega. Fundi alikuja Jumapili, mlango haukufunguliwa. Jumatatu vivyo hivyo. Mtaani wimbo ulikuwa kila mahali, kwa kinyozi, kwenye simu za wapita njia, kwenye gari la muuza maji. Watoto wa shule waliojua kwamba Mama Wodi anapenda deki walimwimbia akipita kununua sabuni, kwa utani tu, kama wanavyomtania kila mtu, wala hawakujua wanachokigusa. Jumatano vijana watatu walimsimamisha muuza magazeti kituoni, wakamvua viatu huku wakiimba. Walipoona watu wanatazama, wakaondoka navyo wakicheka. Muuza magazeti, mtu mzima mwenye wajukuu, alimaliza siku kwa soksi.

Alhamisi Mama Wodi alifungua, si mlango, dirisha.

"Mwanangu kapiga simu," alisema kupitia nondo. "Miezi kumi na minne sijaisikia sauti yake, jana kapiga. Anacheka. Kasema, Mama, kuna wimbo huku, kuna kibibi humo anaongea kama wewe kabisa. Kaniimbia."

Fundi aliuliza alimjibu nini.

"Nilicheka naye. Ulitaka nimwambie kibibi ni mimi, na aliyeitwa mwanangu ni nani?"

Akafunga dirisha. Fundi alibaki amesimama karibu na geti lake, na kwa mara ya kwanza tangu atoke jela alitamani arudi, kwa sababu kule mtu analipa kosa moja kwa wakati mmoja.

Jioni hiyo alikwenda kwa Risasi. Alimkuta sebuleni kwenye kochi jeupe, miguu juu ya meza, anakula machungwa yaliyomenywa na mama yake. Mama mdogo mwenyewe alikuwa chumba cha pili, na cherehani iliponyamaza Fundi alijua anasikiliza.

Fundi alikuwa amejiandaa kugomba, lakini Risasi alimpokea kwa furaha kiasi kwamba hasira ilikosa pa kukaa. Alimwonyesha simu: namba za waliosikiliza zilikuwa zinapanda wakati wanazitazama. Akamwambia katika video atapewa nafasi ya mwizi mkuu. Fundi alipoeleza kwa nini amekuja, Risasi alimsikiliza, akajifuta maji ya chungwa, akaanza kumfundisha ulimwengu. Mwaka juzi, alisema, aliimba wimbo wa kunawa mikono. Wimbo mzuri, wenye ujumbe, hata kuku angeupenda. Waliusikiliza watu arobaini, thelathini na tisa wakiwa ndugu, na wa arobaini alibonyeza kwa makosa. Mawaidha yanatolewa bure na kila shangazi. Hakuna anayetaka kuyacheza. Watu wanataka moto, na msanii asipowapa, watautafuta kwa mwingine, na yeye atarudi chini ya cherehani kushika sindano anazoziogopa.

Katika hayo mengi yalikuwa kweli, na Fundi hakuwa mtu wa kukataa ukweli kwa sababu tu umetoka kwenye mdomo usiomfaa. Alisema hakumwomba mawaidha. Wizi uimbwe, ni sawa, upo duniani. Lakini ukiimba kuingia, imba na kutoka. Imba na kitanda cha juu. Alimpa dakika kumi na moja, na katika hizo dakika moja tu ilikuwa ya wizi. Mbona amechukua hiyo hiyo?

"Kwa sababu ndiyo tamu, kaka," alisema Risasi. Kisha akalegeza sauti, kama anayemfariji. "Nyingine sijafuta. Ipo yote kwenye kompyuta. Lakini ule ukweli wako, usinielewe vibaya, unachosha."

Fundi alimtazama mdogo wake, yule aliyelia naye na kumkumbatia kwenye chumba cha magodoro, akajiuliza kama machozi yale nayo yalichujwa. Kumbe mtu anaweza kukulia kabisa, kwa machozi ya chumvi, huku sikio lake likichagua kipande cha kuuza. Jela aliwahi kuibiwa sabuni, blanketi na mkate, na kila mara mwizi alikuwa na haya ya kutomtazama usoni. Huyu alikuwa anamtazama, na anamkaribisha chungwa.

Hakuomba wimbo uondolewe. Alijua ulikwishatoka, na moshi haurudi kwenye jiko. Aliomba jambo moja: Risasi aende kwa Mama Wodi, amwambie kwa mdomo wake kwamba maneno yale yalisemwa na mtu anayelia, na aliyeyageuza kicheko ni mwingine. Basi. Yule mama ajue kwamba Fundi hakumcheka.

Risasi alikubali upesi mno. Mwenye akili angeshtuka. Fundi alishukuru.

Siku ya pili alimwomba Mama Wodi dirishani. Yule mama akasema aje Jumamosi, saa nne, atakuwa amemaliza kazi zake.

Jumamosi mvua ilikuwa imepita alfajiri na njia ilikuwa tope. Fundi alifika mapema. Mlango ulikuwa wazi kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na ndani sakafu ilikuwa bado na unyevu, inang'aa, inanukia dawa ya hospitali. Alivua buti zake akaziweka kando ya mlango, akasimama karibu na ukuta bila kukaa, maana hakuambiwa akae. Mama Wodi alikuwa kwenye kile kiti chake, sasa amekigeuza kinatazama mlango.

Risasi alikuja na miwani myeusi, mnyororo, viatu vyeupe vyenye soli nene kama tofali, na mtu wa kamera. Ndipo Fundi akaelewa ule upesi. Risasi alimnong'oneza mlangoni kwamba watu wakiona anapiga magoti kwa kibibi halisi wa kwenye wimbo, dunia itasimama. Fundi alihisi kitu kikimkatika kifuani, safari hii chenye ukingo, hata angeweza kukipapasa. Mara ya kwanza aliuzwa yeye. Sasa alikuwa amemleta mwuzaji hadi mlangoni kwa mama wa watu, kwa mkono wake, kama alivyoileta ile spika.

Mama Wodi hakuhitaji kuelezwa. Alimtazama mtu wa kamera, akamwambia kitu hicho kibaki nje pamoja na yeye, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuwafukuza madaktari wodini kwa sababu sakafu haijakauka. Mtu wa kamera akarudi nyuma hadi kwenye geti. Kisha Mama Wodi akamwambia Risasi, "Vua viatu. Nimepiga deki."

Hakusema mwanangu. Fundi alilisikia pengo hilo.

"Nakaa dakika mbili tu, Mama," alisema Risasi, akaingia, akasimama katikati ya chumba.

Tumpe haki yake, alianza kwa adabu. Alisema shikamoo, alisema pole kama kuna mahali ameumia. Lakini pole ile haikuwa na kamera mbele yake, ikakosa nguvu za kutembea, ikageuka kuwa maelezo. Alisema yeye ni msanii. Yale ni maigizo, anayeigiza nyoka haumi mtu. Hakutaja jina la mtu. Mama Wodi akamwuliza, taratibu, kama anayetaka kujifunza, wimbo wa ujumbe ulikuwa na ujumbe gani. Risasi akafikiri, akasema ni kwamba maisha ya mtaani ni magumu. Mama Wodi akasema yeye anaishi mtaani, hilo alikuwa analijua. Akamweleza habari ya muuza magazeti. Risasi akasema hakuwatuma. Akamweleza simu ya mwanawe. Risasi akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

Fundi alisema neno lake moja tu. Alimwambia aseme alichokuja kusema, kwamba hakucheka, kwamba alilia, aseme hilo tu kisha aende zake.

Hapo Risasi akapandwa na hasira. Labda ni kwa sababu ya kamera iliyobaki nje, labda ni kwa sababu hakuzoea kusimama mbele ya watu bila biti. Alimnyooshea Fundi kidole.

"Mimi sijawahi kuiba hata sindano ya mama yangu," alisema. "Bunduki zangu ni za mdomo. Mwizi ni huyu. Aliyevunja mlango wako ni huyu, Mama, aliyekutia hofu ni huyu, na siri yako aliyeitoa ni huyu, mimi nimeokota njiani. Sasa niambie. Kati yetu wawili, mbona anayesimamishwa hapa kama mshtakiwa ni mimi?"

Fundi aliinamisha kichwa, kwa sababu kila tamko lilikuwa la kweli na kila moja lilimpata. Nje, geti lilisogea kidogo kwa upepo kwenye ile bawaba yake moja. Mama Wodi alikuwa haangalii uso wa mtu. Alikuwa anatazama chini, alama za soli nene zilizotoka mlangoni, moja baada ya nyingine, hadi pale msanii aliposimama na tope lake.

"Huyu alikuwa mwizi," alisema, "nikamwambia avue viatu, akavua."